Nyumba njema si mlango: seti za nyumba za popo kwa vikundi vya vijana, kuanzia ya bei rahisi hadi ya kukata wenyewe

Tuanze na hukumu, maana kiongozi wa kikundi anayesoma haya huenda ana fedha chache mkononi na vijana kumi na wawili wanaomsubiri. Seti ndogo ya chumba kimoja, ile ya kimo cha sm 30 ambayo huuzwa ikiwa imeshakatwa, inafundisha ufundi vizuri lakini haifai kuwa makazi ya popo jinsi inavyotoka kwenye boksi. Seti kubwa ya vyumba vitatu au vinne inastahili bei yake. Sanduku la saruji iliyochanganywa na vumbi la mbao linadumu kuliko yote, ila kijana hajifunzi kushika bisibisi kwa kulitazama. Njia ya nne ni kununua robo ya bamba la plaiwudi na kukata wenyewe, na hiyo inazishinda seti zote tatu ikiwa kikundi kina mtu mzima mmoja anayejua kutumia msumeno.

Popo tunaowazungumzia hapa ni wale wadogo wala wadudu, ambao porini hujibanza nyuma ya gome lililobanduka au ndani ya ufa wa mwamba. Popo wakubwa wala matunda huning'inia matawini au mapangoni, na hakuna seti yoyote kati ya hizi itakayowapokea. Kama eneo lenu lina wala matunda peke yao, pandeni miti.

Mwanya kwanza

Popo mdogo anapopumzika hutaka aguswe na ukuta tumboni na mgongoni kwa wakati mmoja. Akiwa amebanwa hivyo, adui hamfikii kirahisi na joto la wenzake halipotei. Kwa hiyo kipimo cha kwanza tunachokiangalia kwenye seti yoyote ni umbali kati ya ubao na ubao. Unatakiwa uwe mm 19 hadi 25. Sisi tunapendelea mm 19, kwa sababu unawafaa popo wadogo wa aina nyingi na hauwaachii ndege nafasi ya kujenga.

Daraja la Congress Avenue mjini Austin, Marekani, linaonyesha nguvu ya kipimo hiki. Lilipokarabatiwa mwaka 1980 liliachiwa nyufa nyembamba upande wa chini kwa sababu za kihandisi tu, bila mtu kuwafikiria popo. Nyufa hizo zina upana wa kumtosha popo na kina cha kama sm 40. Popo wakahamia, na wakati wa kiangazi idadi yao hufikia milioni moja na nusu.

Njia rahisi ya kukagua ni hii: kata kipande cha ubao chenye unene wa mm 19 hasa, upana wa vidole vitatu na urefu wa sm 60, ukipitishe ndani ya kila chumba kutoka chini hadi juu. Kikikwama mahali, ubao umepinda au kuna skrubu imetokeza. Kikicheza sana, mwanya umezidi. Wakabidhi vijana kazi hii na kipande chenyewe. Wakishakipitisha kwenye nyumba tatu nne, wanakuwa wakaguzi wakali kuliko watu wazima. Seti nyingi za bei rahisi hufeli hapa, maana chumba kina mm 35 au hata 40, na mwanya huo ni wa mjusi na nyigu.

Seti ndogo ikifunguliwa

Ndani ya boksi mna vipande vinane hadi kumi: ubao wa nyuma, wa mbele, mbao mbili za pembeni, paa, pengine ubao wa kati, kipande cha wavu wa plastiki na kifuko cha misumari au skrubu. Mashimo yametobolewa tayari. Mtoto wa miaka kumi akisaidiwa kidogo humaliza kuunganisha kwa muda usiozidi saa moja, akaondoka na kitu alichokijenga kwa mikono yake. Hilo ni jema na tunalithamini.

Kasoro ziko kwa ndani. Mbao zimepigwa randa na msasa pande zote mpaka zinateleza kama sahani. Popo anapofika hutua chini ya mlango, yaani uwazi ulio chini ya nyumba, akapanda kwa kucha, kisha akaning'inia humo mchana kutwa. Mtoto wa popo huzaliwa hana manyoya na hawezi kuruka. Jike wa aina nyingi huzaa mmoja tu kwa mwaka, na huyo mmoja akiteleza akaanguka, mara nyingi ndio mwisho wake. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha kipande chochote, bana ubao mezani kwa jiriwa na uchore kwa msumeno wa mkono mistari ya kulala, mmoja kila baada ya mm 12, kwa kina cha mm 1. Chora upande wa ndani wa ubao wa nyuma, upande wa ndani wa ubao wa mbele, na pande zote mbili za ubao wa kati. Mistari iwe ya kulala kweli. Vijana wengi huichora ya kusimama kwa sababu msumeno huenda vizuri ukifuata nyuzi za mbao, lakini mstari wa kusimama haumpi popo ngazi ya kukanyaga. Kwenye plaiwudi usipite mm 1.5, la sivyo unakata tabaka la juu, unyevu unaingia, na tabaka linaanza kubanduka kama ganda.

Wavu wa plastiki uliomo kwenye boksi tunashauri uachwe. Nia yake ni kumpa popo pa kushika. Ila mara nyingi hubanwa kwa pini chache za pembeni, joto linaulegeza, unafura katikati na kuziba ule mwanya tuliokuwa tunaulinda, na popo anaweza kunasa kucha. Atakayeutumia lazima aubane kwa pini kila baada ya sm 5, katikati pia, na auvute mpaka ukaze kama ngozi ya ngoma. Wavu wa waya usitumike kabisa, unakwaruza mabawa.

Kisha kuna ncha za skrubu. Hii ndiyo kasoro inayotuumiza zaidi, kwa kuwa inajeruhi kimyakimya. Mtengenezaji anaweka skrubu za urefu mmoja kwa kazi zote, na pale ubao ulipo mwembamba ncha inatokea ndani ya chumba kwa mm 2 au 3. Bawa la popo ni ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya mifupa ya vidole. Ncha kama hiyo inalichana. Funga kipande cha soksi ya nailoni kwenye ncha ya rula, kipitishe taratibu juu ya kuta zote za ndani. Nailoni ikinasa, bawa litanasa. Toa skrubu hiyo, weka fupi zaidi, au ikate ncha na kuisawazisha kwa tupa.

La nne ni kuziba. Seti ndogo huwa haina gundi wala silikoni kwenye boksi, na maelezo hayaitaji. Mwanya wa unene wa kadi tu kati ya paa na ubao wa nyuma unatosha kuvujisha hewa ya moto usiku kucha na kuingiza mvua. Nunua mrija mmoja wa kiziba nyufa cha akriliki kinachokubali kupakwa rangi. Silikoni ya kawaida haishiki rangi, kwa hiyo mahali ulipopaka hubaki pakavu pasipo rangi na panapigwa na jua. Kiziba kiwekwe kabla ya kukaza skrubu, ili mbao zikibanwa kijae chenyewe hadi kando. Kukipaka nje baada ya kila kitu kukazwa ni kufunika kidonda bila kukiosha.

Mwisho, hakuna pa kutua. Ubao wa nyuma unapaswa kuchomoza chini ya mlango kwa sm 8 hadi 15, nao pia uchorwe mistari. Kwenye seti ndogo unachomoza sm 3, au hauchomozi kabisa.

Baada ya marekebisho yote haya, seti ndogo bado ni ndogo. Ubao mwembamba na chumba kimoja maana yake ni joto kupanda haraka mchana na kushuka haraka usiku. Huenda ikampokea popo dume mmoja au wawili wanaopita njia. Jike wanaolea huhitaji kukaa wengi pamoja, na hapo hawatoshei.

Seti kubwa

Tunaiita kubwa ikiwa na kimo kisichopungua sm 60, upana usiopungua sm 35, vyumba vitatu au vinne, na kibaraza cha kutua. Faida ya vyumba vingi haiko kwenye nafasi peke yake. Chumba cha mbele kinachopigwa na jua huwa na joto kuliko cha nyuma kwa nyuzi kadhaa, na juu ni kwa moto kuliko chini. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha hutafuta mahali penye joto la nyuzi 27 hadi 38 za Selsiasi ili mtoto akue upesi. Jua likizidi, anasogea chini au anahamia chumba cha nyuma. Hii ndiyo huduma halisi anayoilipia mnunuzi.

Kwa hiyo angalia kama vyumba vinawasiliana. Kila ubao wa kati uwe na tundu karibu na juu, au uishie kidogo chini ya paa, ili popo aweze kuhama chumba bila kutoka nje mchana wa jua. Seti kadhaa zina mbao za kati zilizozibwa mpaka juu. Dawa yake ni kutoboa matundu mawili ya mm 25 hadi 30 kwa kila ubao na kulainisha kingo zake kwa msasa.

Kasoro ya kawaida ya seti kubwa ni mbao za kati zinazoteremshwa kwenye mifereji bila skrubu. Zikinywa unyevu huvimba na kupinda, basi chumba kimoja kinabaki na mm 12 na jirani yake mm 26. Zikazeni kwa skrubu pembeni, na muweke kipande kidogo cha mbao cha mm 19 katikati ya kila mwanya karibu na juu ili kuzishikilia. Uzito nao si mdogo: nyumba ya vyumba vinne vya plaiwudi hubebwa na watu wazima wawili ngazini, vijana wakiwa wameshika kamba chini.

Rangi na joto

Maelezo mengi ya kwenye boksi yanasema pakeni rangi nyeusi, kana kwamba dunia nzima ina baridi. Rangi huchaguliwa kwa joto la juu la mchana katika mwezi wa joto kali. Likiwa chini ya nyuzi 29, nyeusi inafaa. Kati ya 29 na 35, rangi iliyokoza kama kahawia au kijivu kizito. Kati ya 35 na 38, rangi ya wastani. Likipita 38, nyeupe au rangi iliyofifia sana. Nyumba nyeusi kwenye jua kali la nchi ya joto hugeuka tanuri: ndani ikipita nyuzi 40, popo hutoka mchana kweupe wakaning'inia kibarazani wakihema, na watoto wasioweza kuruka huanguka. Mwenye shaka achague rangi nyepesi.

Rangi iwe ya maji, ya nje, mikono mitatu. Ndani pakwe doa jeusi la maji (rangi nyepesi inayozama ndani ya ubao) mara mbili baada ya kuchora mistari, kwa brashi karibu kavu, maana rangi nzito huijaza mistari na kazi yote ya msumeno inapotea. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza zisitumike. Popo hulala akiwa ameukumbatia ubao na hujilamba manyoya, hivyo dawa hiyo huishia mdomoni.

Kabla nyumba haijapata wakaaji, wekeni kipimajoto ndani, juu kabisa ya chumba cha mbele, kwa wiki moja. Vijana waandike usomaji saa tatu asubuhi, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Wakiona 40 au zaidi siku mbili mfululizo, nyumba ipakwe upya au igeuzwe ipate kivuli cha alasiri. Somo hili lina faida kuliko bango lolote la rangi, kwa sababu namba zao zenyewe ndizo zinazoamua.

Kukata wenyewe

Bamba la kawaida la plaiwudi ni sm 122 kwa 244. Robo yake ni sm 61 kwa 122, nayo inatoa nyumba nzima ya chumba kimoja kikubwa bila kubakiza. Chagua plaiwudi ya nje, unene wa mm 12. Kata ukipita upana wa sm 61: sm 67 kwa ubao wa nyuma, sm 42 kwa ubao wa mbele wa juu, na kinachobaki ni ubao wa mbele wa chini. Kwenye karatasi hicho kinachobaki ni sm 13, lakini msumeno hula kama mm 3 kwa kila mkato, kwa hiyo utapata sm 12.4. Iacheni hasara iangukie hapo. Kikundi kinachogawa hasara kwenye vipande vyote hujikuta na mbao zisizolingana.

Ongeza vipande vya mbao vya unene wa mm 19 na upana wa mm 38: kimoja cha sm 61 cha juu, viwili vya sm 51 vya pembeni. Unene wao ndio mwanya wa popo, kwa hiyo upimeni dukani kwa rula kabla ya kulipa. Mbao zinazoitwa za mm 19 mara nyingine zina 16. Paa ni ubao wa upana wa sm 10 na urefu wa sm 71. Skrubu 30 za mm 25 zisizoshika kutu zinatosha, na urefu huo hauwezi kutokeza, kwani plaiwudi na kipande cha pembeni kwa pamoja vina mm 31. Mrija mmoja wa kiziba nyufa na lita moja ya rangi.

Chora mistari, paka doa la ndani, acha ikauke usiku kucha. Weka kiziba, laza kipande cha juu na vya pembeni kwenye ubao wa nyuma, kaza skrubu kutoka nyuma kila baada ya sm 10. Toboa kwanza kwa drili na ncha nyembamba, maana kipande cha mm 38 kinapasuka kirahisi karibu na mwisho. Weka kiziba tena, laza ubao wa mbele wa juu. Acha mwanya wa mm 12, kisha ubao wa mbele wa chini. Mwanya huo ni tundu la hewa: chini yake ni pa baridi, juu yake joto linabaki limefungwa. Kwenye nchi za baridi mwanya uzibwe. Ubao wa nyuma utabaki umechomoza chini kwa kama sm 11, na hapo ndipo kibaraza. Paa likaze mwisho, liinamie mbele kidogo, na kingo zote za plaiwudi zipakwe rangi mara ya nne. Maji huingilia kingoni.

Vijana watatu kwa nyumba moja ndio wanaofaa: mmoja anashika, mmoja anakaza, mmoja anapima na kukagua, wakibadilishana. Wanne, mmoja anasimama bila kazi. Msumeno wa umeme aushike mtu mzima. Wa mkono, drili ya betri na miwani ya kinga ni vya vijana. Panga vikao viwili vyenye pengo la siku moja, kwa sababu ya rangi. Kikundi kinacholazimisha kumaliza siku moja huunganisha mbao mbichi za rangi, zikashikana.

Sanduku la saruji na vumbi la mbao

Linakuja limekamilika, halioti ufa, haliliwi na mchwa, na hudumu miaka zaidi ya 20. Joto lake hupanda na kushuka polepole. Ukilichagua, chukua lenye mwanya mwembamba uliofunguka chini, maana kinyesi kinajidondokea. Yale ya mviringo yenye uwazi mpana hujaa kinyesi na lazima yasafishwe. Kabla ya kulifungua ulizieni sheria: Uingereza, kwa mfano, sanduku likishatumiwa na popo haliruhusiwi kufunguliwa bila leseni.

Picha ya mti kwenye boksi

Karibu maboksi yote yana picha ya nyumba iliyopigiliwa kwenye shina la mti. Msiifuate. Mti una kivuli, una matawi yanayofunga njia ya kurukia, na paka na nyoka wanaupanda bila taabu. Nyumba zilizo kwenye kuta za majengo au kwenye nguzo hukaliwa mapema zaidi. Urefu uwe meta 3.5 hadi 6 kutoka chini, jua la asubuhi litue juu yake, na uwazi wa meta 6 au zaidi kutoka tawi la karibu, kwa sababu popo hujidondosha ndipo aanze kuruka. Maji ya mto, bwawa au ziwa yakiwa ndani ya meta 400, nafasi ya kupata wakaaji inaongezeka. Taa ya barabarani isiimulike. Kwenye nguzo, funga mkanda wa bati laini wa kimo cha sm 90 ili wapandaji wateleze. Nyumba mbili zikifungwa mgongo kwa mgongo kwenye nguzo moja, popo wana pande mbili za joto za kuchagua, na nguzo haiyumbi kwa upande mmoja.

Chupa ya harufu na hesabu ya mbu

Seti nyingine huongezewa chupa ndogo ya kuvutia popo, na bei inapanda. Hakuna ushahidi kwamba harufu hizo zinafanya kazi. Mwaka 1929 ulijengwa mnara mkubwa wa popo katika kisiwa cha Sugarloaf Key, Florida, kwa matumaini ya kumaliza mbu, ukatiwa chambo cha harufu. Popo hawakukaa. Mnara ulisimama hadi kimbunga Irma kilipouangusha mwaka 2017.

Halafu kuna ile sentensi kwamba popo mmoja hula mbu elfu kwa saa. Ilizaliwa na majaribio ya chumbani, ambako popo waliachiwa kati ya wadudu wengi kwa dakika chache, kisha idadi ikazidishwa mpaka saa nzima. Nje popo hula kinachopatikana: nondo, mende, mchwa wenye mbawa, na mbu pia. Vijana waambiwe hivyo. Wakiahidiwa kijiji kisicho na mbu na mbu wakabaki, watawachukia popo waliofanya kazi yao sawasawa.

Na wasubirishwe. Chuo Kikuu cha Florida kilijenga nyumba kubwa ya popo mwaka 1991 na kuwahamishia humo popo waliokuwa wakiishi kwenye viwanja vya michezo. Popo wakaondoka, na ikapita miaka zaidi ya mitatu kabla kundi halijarudi lenyewe. Leo humo wanaishi mamia ya maelfu. Kwa nyumba ya kikundi, miaka miwili mitupu ndiyo ishara ya kuhamisha mahali, na mahamisho yafanywe wakati hakuna mkaaji ndani.

Vijana na popo wenyewe

Kitendawili cha popo mbili zavuka mto, ambacho jibu lake ni macho, ni pazuri pa kuanzia somo, kwa kuwa wengi huja wakiamini popo ni kipofu. Popo anaona, gizani anaongeza mwangwi wa sauti yake mwenyewe, ya juu kuliko sikio letu linavyoweza kusikia.

Kanuni isiyo na msamaha: hakuna kumshika popo, mzima wala mfu, kwa mkono mtupu. Popo wachache hubeba kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo ukishaonyesha dalili huua. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Kinyesi kilichorundikana kisifagiliwe kikavu. Kinyunyiziwe maji kwanza na anayekizoa avae barakoa, kwa kuwa kinaweza kuotesha kuvu inayoshambulia mapafu. Viota vya nyigu vikwanguliwe kwa kijiti kirefu wakati nyumba haina popo, bila dawa ya wadudu.

Dalili ya kwanza ya mkaaji huwa chini ya nyumba: vijipande vyeusi vidogo vya kinyesi, kama punje ya mchele. Kiviringishe kimoja kwa kijiti juu ya karatasi nyeupe. Cha panya ni kigumu na hakivunjiki. Cha popo kinasagika kuwa unga, na katika unga huo mnaonekana vipande vinavyometameta vya magamba na mabawa ya wadudu. Kikundi kikiona hivyo, kianze kuhesabu jioni ileile. Fikeni nusu saa kabla ya jua kuzama, kaeni pembeni mita kumi hivi, kamwe si chini ya mlango, tochi ikiwa na kitambaa chekundu. Kijana mmoja ahesabu wanaotoka, mwingine wanaorudi ndani, wa tatu aandike kila dakika tano. Toeni waliorudi kutoka kwa waliotoka. Endeleeni mpaka dakika kumi zipite bila popo kutoka. Rudieni mara moja kwa wiki, muandike hali ya hewa na mwezi, na namba ikiongezeka ghafla wiki chache baadaye bila wageni kuonekana, hao ni watoto wameanza kuruka.